Mwanajamii Aliyefuzu Kupita Kiasi

Kwa miaka minne, kila kongamano la nishati lilipohitaji mtu wa kusimama mbele ya wageni na kueleza shida, gari jeupe lilikwenda kumchukua Shangazi.

Ndivyo walivyomwita watu wote pale kijijini, hata waliomzidi umri. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye kibanda cha bati mkabala na zahanati na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Mwendo wa nusu saa kutoka hapo ulisimama mtambo wa gesi, na mnara wake uliotema moto mchana na usiku, hata majogoo wa kijiji wakapoteza dira, wakawa wanawika wakati wowote wanapojisikia. Gesi ilitoka chini ya miguu yao, ikaingia kwenye bomba, ikaenda kuwasha miji ya mbali. Kijijini hapakuwa na hata taa moja.

Gari jeupe lilikuwa la shirika fulani la mjini. Shirika hilo lilishughulikia utawala bora wa rasilimali, mabadiliko ya tabianchi, na mambo mengine mawili matatu ambayo yalibadilika kila mfadhili alipobadilika. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuwa Sauti ya Jamii. Iliandikwa hivyo hivyo kwenye kadi aliyovikwa shingoni.

Alijengewa uwezo mara saba. Ghorofa lingejengwa mara saba lingeshafika mawinguni. Alifundishwa hewa ukaa, akafundishwa mpito wa haki wa nishati, akafundishwa kusimama na kupiga makofi ya kuondoa usingizi baada ya chakula cha mchana. Alipewa fulana saba na vyeti saba. Fulana alizigeuza vitambaa vya kusafishia cherehani. Vyeti alivibandika ukutani, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa nene na ukuta wake ulipitisha upepo.

"Wifi, hao watu wamekufundisha nini hasa?" dada wa marehemu mumewe alikuwa akimuuliza kila akirudi. Huyu wifi alikaa nyumba ya pili, mwanamke mnene wa sauti nzito, mdomo haumlali. Hakuwa amekanyaga darasa hata siku moja, lakini hakuna aliyemzidi kwa kulia msibani. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakimfuata aje awalilie marehemu ambao hakuwahi kuwaona.

"Wamenifundisha kwamba nina haki," Shangazi alijibu.

"Na haki yenyewe umeiacha kwenye gari?"

Shangazi alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Katika kila semina alisimulia kifo cha mumewe. Nyoka alimgonga asubuhi akiwa shambani, wakamfikisha zahanati akiwa bado anaongea, na mganga akasema dawa ya sumu hiyo inataka friji, na friji inataka umeme. Mume alifia kwenye benchi, na dirishani moto wa mtambo unaonekana waziwazi. Mara ya kwanza alipoisimulia, ukumbi mzima ulinyamaza. Mara ya saba aligundua kwamba alikuwa akisimulia huku anawaza kama amefunga mlango wa kibanda. Habari ya mumewe ilikuwa kama shati lililofuliwa mno. Limebaki shati, lakini rangi imekwisha.

Mambo yalianza kwenda kombo kwenye semina ya saba, iliyohusu uwazi wa mikataba. Mtaalamu wa shirika, bwana mmoja mwenye miwani na kalamu nne mfukoni, aligawa nakala za mkataba wa gesi. Shirika lilitumia mwaka mzima kuutafsiri kwa Kiswahili ili wananchi wausome. Kisha wananchi waliambiwa wakae makundi makundi, wazungushie duara maneno magumu, wayaandike kwenye vikaratasi vya rangi na kuvibandika ukutani. Baada ya hapo ikaja chai. Watu waliacha mikataba mezani wakaifuata chai.

Shangazi alizikusanya nakala zote akazitia mkobani. Si kwa ajili ya haki. Alikuwa anahitaji karatasi kubwa za kukatia vielelezo vya kola.

Wiki ile ile alikuwa kibandani, mkasi mkononi, ameshakata kola tatu za sare za shule. Ya nne ilipita katikati ya ukurasa wenye kichwa Kiambatisho cha Nne. Jicho lake lilishika neno "makazi". Akauweka mkasi chini. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari: kifungu cha kumi na mbili, kampuni itafikisha umeme kwenye makazi yote yaliyo ndani ya kilomita tano kutoka mtamboni, kabla ya kupita miaka mitatu tangu gesi ianze kutoka.

Gesi ilikuwa imetoka kwa miaka sita.

Alisoma tena, kwa sauti. Kisha akatoka nje akasimama barabarani, ameshika ukurasa wenye tundu la kola, akiutazama mtambo kama mtu aliyemwona mwizi wa kuku wake akipita na manyoya mdomoni.

Kwenye semina ya nane alinyanyua mkono kabla hata hajaitwa kusimulia msiba wake. Alisimama akasoma kifungu chote, akauliza, "Sasa umeme wetu uko wapi?"

Ofisa wa wizara aliyekaa mbele alifungua chupa yake ya maji. "Hilo ni swali zuri sana," alisema, akanywa.

Mtaalamu alimeta kwa furaha. "Zuri mno! Tuliweke kwenye maegesho." Alikwenda kwenye karatasi kubwa ukutani iliyoandikwa Maegesho ya Maswali, akaliandika kwa kalamu ya kijani.

"Likishaegeshwa," Shangazi aliuliza, "litatoka lini?"

Watu walicheka, wakidhani ni utani. Jioni mhudumu wa ukumbi alibandua karatasi zote, akazikunja, akaondoka nazo pamoja na masazo ya chakula.

Mwezi mmoja baadaye gari jeupe lilikuja, lakini halikuja kumchukua. Aliteremka Mratibu, kijana mpole wa shirika ambaye alikuwa akimjali kweli. Kila mara alimuuliza kama amelala vizuri. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akawa anachezea funguo za gari. Wifi naye alikuwepo, anapepeta mchele kizingitini.

"Shangazi," Mratibu alisema, "wewe umefuzu."

"Nimefuzu nini, mwanangu?"

"Yaani... wafadhili walitazama video ya semina. Wanasema unaongea kama sisi. Umetaja kifungu, umetaja kiambatisho. Wanataka sauti halisi. Mama wa kawaida."

"Na aliyenifundisha kuongea hivi ni nani?"

"Ni sisi."

"Kwa hiyo mmenijenga mpaka nimezidi kimo cha mlango wenu."

Mratibu alitazama chini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Si mimi ninayeamua, Shangazi. Kongamano kubwa ni wiki ijayo. Naibu Waziri atakuja, kampuni itakuja, na waandishi wa habari. Nimetumwa nitafute mtu mwingine."

Pale mlangoni ungo ulisimama. "Mimi ni wa kawaida," wifi alisema. "Sijui kitu chochote. Muulize yeyote."

Mratibu alimtazama: mikono yenye pumba, sauti ile nzito, macho makubwa yanayolowa kwa kukunja uso tu. Alishindwa kuficha tabasamu. "Mama, unaweza kueleza maisha yenu hapa?"

Wifi aliweka ungo chini, akajishika kichwa, akatoa kilio kimoja kifupi cha majaribio. Majogoo wawili walijibu. Mratibu aliandika jina lake papo hapo.

Gari lilipoondoka Shangazi alimgeukia. "Wifi, umeninyang'anya kazi mchana kweupe."

"Nimekunyang'anya nini? Wewe una maneno, wanataka machozi. Mimi nina machozi, sina maneno. Nipe hayo maneno nikayapeleke. Kwani yule aliyefia kwenye benchi si kaka yangu?"

Kwa siku sita hakuna sare iliyoshonwa. Kwa kuwa wifi hakujua kusoma, kifungu ilibidi kimwingie kichwani kwa masikio. Siku ya kwanza alisema "kiambaza cha nne". Siku ya pili kilomita tano zikawa kilo tano. Shangazi alikata tamaa, akarusha mkasi mezani. Siku ya nne wifi mwenyewe ndiye aliyepata dawa: alikitia kifungu ndani ya kilio, akakivuta kwa mahadhi ya msibani, na tangu hapo hakukosea hata silabi. Watu waliopita njiani walisimama kuuliza nani amefariki.

"Kiambatisho cha Nne," Shangazi aliwajibu.

Wifi aliweka sharti moja tu: hapandi lifti ya hoteli ya kongamano bila Shangazi. Basi Shangazi naye alivikwa kadi, iliyoandikwa Msaidizi wa Sauti ya Jamii, akakalishwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa vyoo.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya kiyoyozi hata wataalamu wa ongezeko la joto walikuwa wamevaa makoti. Naibu Waziri alizungumza saa nzima kuhusu dira. Meneja wa kampuni, bwana mmoja mnadhifu asiyeacha kutabasamu, alizungumza kuhusu miti ambayo kampuni imepanda na picha za miti hiyo. Kisha mshereheshaji akaita Sauti ya Jamii, na kamera zikageuka.

Wifi alipanda jukwaani. Alikataa kipaza sauti, maana hakukihitaji. Alianza kusimulia asubuhi ile ya nyoka, lakini hakuisimulia kama Shangazi. Alimtaja kaka yake akiwa mdogo, alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka maji. Akataja kiatu kimoja kilichobaki shambani, ambacho yeye alirudi kukichukua na hakumwambia mtu, na mpaka leo kiko uvunguni mwa kitanda chake.

Shangazi hakuwa anajua habari ya kiatu. Alijikuta ameinama, mikono usoni, analia kwa namna ambayo hakulia katika semina zote saba. Mhudumu wa chai alimletea kitambaa cha meza.

Pale mbele Naibu Waziri alikuwa anajifuta macho, na kamera zilikuwa zimemkaribia zimwone vizuri. Ndipo wifi, bila kubadilisha mahadhi, akavuta: "Ooo kaka yangu, na Kiambatisho cha Nne kipo! Ooo, kifungu cha kumi na mbili! Kampuni itafikisha umeme, kaka, kwenye makazi yote! Kilomita tano, kaka! Miaka mitatu, kaka, na leo ni sita!"

Tabasamu la meneja lilibaki mahali pake, ila halikuwa na mwenyewe. Mtaalamu alishainuka na kalamu ya kijani. "Hoja nzito hii," alisema, "naomba tuiweke kwenye maega—"

"Hapana," alisema Naibu Waziri, machozi yakiwa bado mashavuni na kamera zikiwa bado kwake. Angefanya nini? Mtu hawezi kulia na kuegesha kwa wakati mmoja. "Hii isiegeshwe. Meneja, kifungu hicho kipo?"

Meneja alisema angehitaji kuwasiliana na wanasheria. Kutoka karibu na mlango wa vyoo Shangazi alisimama, ukurasa wenye tundu la kola ukiwa juu. "Kipo hapa, mheshimiwa! Ukurasa wa mia na nne!"

Naibu Waziri alisema umeme utafika kabla ya miezi mitatu. Alilisema neno hilo mbele ya kamera sita, na jioni nchi nzima ililisikia. Mratibu, aliyesimama ukutani, alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, kisha akakumbuka kazi yake akaacha.

Miezi mitatu ikawa mitano, lakini nguzo zilikuja. Zahanati ilipata friji, na mganga akaifungua na kuifunga mara kumi kuonyesha taa yake ya ndani. Uzinduzi ulifanywa saa sita mchana, jua likiwaka kiasi kwamba Naibu Waziri alipobonyeza swichi hakuna aliyejua kama taa imewaka. Ilibidi wifi apande kiti, aizibe balbu kwa mtandio, achungulie, ndipo atangaze, "Inawaka!" na watu wakashangilia.

Shirika lilitoa ripoti yenye picha ya wifi jaladani, ikieleza jinsi mbinu zao shirikishi zilivyoleta mabadiliko. Wifi alianza kuchukuliwa na gari jeupe. Akirudi alikuwa anasema "wadau" na "endelevu", hata kwa muuza samaki.

"Usijifunze sana," Shangazi alimwonya. "Watakuacha."

Wiki moja baada ya uzinduzi, watu wa kitongoji cha mlimani waliteremka wote, wanaume kwa wanawake, wakajaa mbele ya kibanda. Nguzo ziliishia chini ya kilima. Kampuni iliwaambia wako kilomita sita na nusu, kwa barabara, kuanzia lango kuu. Shangazi alitoa ukurasa, akausoma, akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena.

"Hapa hapajaandikwa barabara," alisema. "Wala lango. Pameandikwa kutoka mtamboni." Aliutazama mtambo, akautazama mlima, akatoa kilichokuwa shingoni mwake siku zote, futi yake ya kupimia nguo. Aliitazama, akaona haitoshi. "Nani ana kamba ndefu?"

Kamba zilipatikana, za mbuzi na za kuanikia nguo, wakaziunganisha mafundo kwa mafundo na kuzipima mita kwa mita kwa futi ile. Wifi alishika ncha moja. Shangazi alifunga kibanda, akabandika mlangoni karatasi kwamba sare zitachelewa, wakapanda wote mpaka nyumba za mlimani, na kutoka huko wakaanza kuifuata njia ya mkato kuelekea kwenye uzio wa mtambo, yeye akihesabu kwa sauti.