Macho ya Kusomea Rangi

Mu Kolwezi muzima hakukuwa mutu wa kutengeneza pedale ya gitare, kale kasanduku ka kubadilisha sauti, kupita Sadrack, lakini rangi alikuwa haione tena. Siku shimo yabo ya kuchimba madini ilianguka kule Mashamba, vumbi ilimulipukia mu macho, na kutoka pale nyekundu, jaune, violet, kwake yote ni majivu. Sasa rezistansi, kale kakitu kadogo sawa punje ya muchele, namba yake inaandikwaka na rangi. Njo maana hakuachana na Mechack. Yee njo alimufundisha Mechack kazi, na Mechack alikuwa anamusomea rangi.

Jeancy, chef wa orchestre, alikuwa anaenda Lubumbashi kurekodi. Alisema nafasi imebaki moja mu motokari: mwenye kuleta pedale ya kulia muzuri, njo atapanda. Sadrack aliitaka. Mechack naye aliitaka, kupita yee. Masomo alishamaliza, diplome iko chini ya matela, na tata yake alishamununulia pelle ya kuchimbia ku shimo.

Pedale zingine, sauti ikipanda sana, zinaikata kichwa. Ya Sadrack ilikuwa inaikunja: ikifika yulu, inairudisha chini, sawa vile mama anakunja kikwembe. Ukiikunja mara mbili tatu, gitare inalia sawa mutu. Ukiikunja mingi, inakuwa fujo tu.

"Nataka ikunje kidogo zaidi," Sadrack alisema. "Nipe brun, noir, jaune. Cent kilo-ohms."

Mechack akaingiza mukono mu kopo ingine, akatosha jaune, violet, jaune. Namba yake karibu mara tano, na namba ikipanda, kukunja nayo inapanda.

"Brun, noir, jaune, yaya. Angalia mwenyewe."

Bakacheka bote wawili, juu ule ulikuwa muchezo wabo. Sadrack akaichomelea mu pedale.

"Bila we, mudogo wangu, ningekuwa nafanya nini?"

"Ungekuwa unauza makala."

Bakaijaribu na sauti ya chini tu, yenye haifike pa kukunjwa. Nyumba ya pembeni kulikuwa kilio ya mufu, na kupiga gitare kwa nguvu pembeni ya kilio ni kutukana batu. Mechack alijua. Siku ile aliichagua kwa akili.

Siku ya samedi, mu kiwanja ya Jeancy, Sadrack alianza na sauti ya chini. Princesse, mwimbaji, aliachilia kusuka nywele, akasikiliza.

"Sasa piga," Jeancy akasema.

Sadrack akapiga. Ikatoka sauti sawa mabati yenye banavuruta mu mawe.

"Tata Sadrack, ile ni gitare ao ni moulin?" Princesse akauliza.

"Moulin inatoshaka hata bunga," mupiga ngoma akasema, na batu bakaanguka na kicheko.

Sadrack anazungusha vifungo, jasho inamushuka. "Mechack, kuya unisomee."

Mechack akabaki anaikala. Akangoja mupaka Jeancy mwenyewe aliuliza kama hakuna mwingine. Pale njo alisimama, akafungua boîte ya pedale, akatosha ile rezistansi, akaweka ingine yenye alitosha mu mufuko ya shimizi. Dakika mbili. Akapiga yee mwenyewe, kwa nguvu, na gitare ikalia mupaka Princesse akashika kifua.

Jeancy akamuangalia.

"Ile ulikuwa nayo mu mufuko?"

"Ndiyo, mukubwa."

"Na miguu yake ya waya ulishaikata kabisa, kwa kipimo ya hii pedale."

Jeancy akacheka mupaka akakohoa.

"Ka-shetani aka. Panda mu motokari. Kule tunaenda, mutu wa huruma banamukulaka mubichi."

"Na pedale yangu?" Sadrack akauliza.

"Ni ya orchestre sasa. We utaifanyia nini, tata? Hauone rangi."

Bakamupa Sadrack ampli aipeleke ku motokari. Akaipeleka. Akaiweka nyuma, akakuya pa dirisha ya Mechack.

"Siko na kasirani," akasema. "Ile sauti ya kwanza, bamecheka bure. Mule ndani kulikuwa kitu. Ningepunguza nguvu ya kuingia, ingekuwa muzuri kupita hii. Niambie tu, ile rezistansi ya kwanza ilikuwa rangi gani? Nitatengeneza ingine."

Mechack akamuangalia ku macho, yale yenye haione rangi.

"Brun, noir, orange."

Dix kilos tu, kumi pahali pa mia. Na ile, hata upige mupaka kamba zikatike, haikunje kitu.

"Merci, mudogo," Sadrack akasema. Akaenda na njia, anarudilia na mudomo asisahau: brun, noir, orange. Brun, noir, orange.