Makoti ya Baa ya Pazia

Ijumaa moja ya Januari, saa mbili usiku, Zaure alipokea koti la ishirini na sita, akalikung'uta theluji, akalitundika na kumpa mwenyewe kibati cha namba. Koti lilipotulia kwenye ndoano likaanza kusema. Lilisema kwa sauti ya mwanamke mzee, "Utakula huko uendako, au nikuwekee supu?" Kisha kwa sauti ya kijana, "Usinisubiri, mama, niko zamu." Zaure akanyoosha mkono kupokea la ishirini na saba.

Makoti yalikuwa yanasema tangu theluji ya kwanza ilipoanguka mjini Almaty. Yalirudia yaliyosemwa mbele yake mchana kutwa, yakimaliza yananyamaza. Zaure, mjane wa miaka hamsini na mbili aliyewahi kuuza tiketi za treni, aliona tatizo moja tu, kelele. Alinunua pamba akaziba masikio. Wateja waliposikia habari hiyo walicheka, ila wengine walimwomba asitundike koti la mtu karibu na la mpenzi wake.

Baa yenyewe ilikuwa chini ya duka la mapazia, haina jina mlangoni, kwa hiyo watu waliiita Pazia. Wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake walishuka ngazi zile Ijumaa na Jumamosi, wakacheza mpaka jasho likawatoka. Baa nyingine mbili za namna hiyo zilikuwa zimefungwa mwaka ule. Hapakuwa na pengine pa kwenda.

Kabla ya mwaka mpya, Madi, mwalimu wa hisabati, aliitwa na mkuu wa shule akaonyeshwa karatasi yenye jina lake, tarehe, meza aliyokaa Pazia na mtu aliyekaa naye. Jioni ile ile alikuwa hana kazi. Wiki hiyo karatasi kama hiyo ilifika kwa baba wa msichana mmoja wa benki, na nyingine kwa mke wa daktari wa meno.

Basi kulikuwa na mtu wa ndani. Watu wakaanza kucheza wakiangaliana mikono, nani ameshika kalamu au simu. Mtu akikuuliza unafanya kazi wapi, unamtajia mji mwingine. Aliyeondoka mapema alisemwa, na aliyechelewa kuondoka alisemwa zaidi.

Galym, mwenye baa, akaja kwa Zaure kwenye dirisha la makoti.

"Dada Zaure, toa hizo pamba. Nataka unionyeshe koti la huyo nyoka."

Zaure akazitoa. Kwa wiki tatu alisikiliza. Alisikia uongo wa kila aina, wa kuambiwa wake, akina mama, mabosi na wapangishaji, lakini hakusikia jina la mtu likiuzwa. Koti moja tu halikusema kitu, la Rauan, fundi wa lifti, ambaye kila Ijumaa alivaa gauni la dhahabu akaimba. Zaure alimweleza Galym hivyo, bila kuongeza neno.

"Koti la mtu anayeongea kama yeye, linyamaze?" alisema Galym. "Lina la kuficha."

Neno likaenea. Rauan alipopanda jukwaani hakuna aliyempigia makofi.

"Jamani, kuna nini? Nimekosea gauni?"

"Koti lako mbona bubu?" aliuliza mtu kutoka gizani. "Unalivua kwanza ukienda kwa afande?"

"Nashinda ndani ya mashimo ya lifti, wewe! Niongee na nani, na kamba? Sina wa kuongea naye mpaka nifike hapa."

Wakacheka, wala hawakumwamini. Galym mwenyewe alimshika mkono taratibu, akampeleka dirishani, akamvisha koti mabegani. Rauan alimtazama Zaure akisubiri neno. Zaure akahesabu vibati.

Siku kumi baadaye bomba lilipasuka ofisini kwa Galym, ambako ndiko alikozoea kuweka koti lake. Akampa Zaure alitundike, akakimbilia maji. Koti likasema kwa sauti ya Galym, kisha kwa ya mwanamume mwingine.

"Mwezi huu nimekuletea watatu, afande. Ni idadi ile ile tuliyokubaliana."

"Na mwimbaji wako?"

"Nimemfukuza baani. Walihitaji mtu wa kumkasirikia."

Zaure alilisikiliza mpaka mwisho. Galym aliporudi, suruali imelowa hadi magotini, alimkuta amelikumbatia.

"Umesikia," alisema Galym.

"Nimesikia. Huna haya?"

"Nisipotoa watatu, watakuja kuchukua mia mbili. Nifunge? Niambie wewe, dada. Nifunge, waende wapi?"

Zaure akalikunja koti, akaondoka nalo. Jumapili adhuhuri alipanda basi mpaka kwa Rauan, akamkuta anakaanga viazi, akamweleza yote. Akamwomba radhi akiwa bado amesimama mlangoni.

"Uliniangalia ukanyamaza, Dada Zaure."

"Nilinyamaza."

Rauan alipunguza moto, akamwekea sahani.

Ijumaa iliyofuata muziki ulizimwa, na Zaure akalitundika koti la Galym, alilokuwa amelifungia kabatini kwake, dirishani mahali pa wote kusikia. Lilisema yale yale. Madi akamzaba Galym kofi. Mtu mmoja alisema waite polisi, na wachache wakacheka. Wakachukua makoti yao, wakaondoka.

Ijumaa mbili Pazia ilikuwa tupu. Ya tatu wakaja kumi na wanne, ya nne themanini, na Rauan akarudi jukwaani. Hawakumsalimia Galym, lakini walinunua kwake.

Siku hizi utaratibu unajulikana. Ijumaa ya kwanza ya mwezi watu hufika mapema. Galym hulitundika koti lake mwenyewe, anarudi ofisini anafunga mlango. Koti hutaja majina matatu. Waliotajwa hukumbatiwa, hunywa bure, na mtu huwasindikiza nyumbani wakaseme wenyewe kabla karatasi haijafika. Waliobaki hucheza kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Wengine husema ni afadhali kujua.

Mwezi wa Aprili, ilipokuwa imeanza kunyesha mvua badala ya theluji, jina la tatu lilikuwa la Rauan. Alikuwa ameshavaa gauni. Aliimba nyimbo zake zote nne, akarudia moja, kisha akaja dirishani na kibati chake.

"Baba yangu yuko Shymkent," alisema. "Treni ya kwanza ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili na robo asubuhi. Kaa upande wa kushoto, kuna joto."

Zaure alimvisha koti, akamfungia vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Ijumaa utakuwepo?" aliuliza Rauan.

"Nitakuwepo."

Rauan akapanda ngazi. Nyuma yake walikuwa wamesimama vijana wawili wageni, wamelowa mvua, wanatazamana wakicheka kwa woga. Zaure akawaambia wavue makoti, akawapa vibati.