Nyota za Kijani

Msiniulize kwa nini nilikuwa naipeleka panchi yangu ya kutobolea tiketi kwenye jiwe la kunolea kila Jumapili. Wengine Jumapili hupiga pasi nguo za wiki. Mimi nilikaa kizingitini na jiwe langu na tone la mafuta, nikanoa taratibu mpaka panchi ikawa inatoboa karatasi karibu bila sauti.

Wakaguzi wa tiketi kwenye treni ya mjini tulikuwa sita, na kila mmoja alipewa panchi yenye umbo lake, ili likitokea la kutokea ijulikane ni mkono wa nani. Mzee aliyebakiza miezi minane astaafu alipewa samaki, basi tukamwita Mzee Samaki. Mimi nilipata nyota, nikawa Mama Nyota. Mume wangu alilicheka jina hilo wiki nzima, maana nyumbani siku hizo hata taa ilikuwa haiwaki.

Tiketi zetu hazikuandikwa tarehe. Kila mwezi ulikuwa na rangi yake, na tundu ndilo lililosema kwamba tiketi imeshatumika. Mwezi ule rangi ilikuwa kijani. Panchi ya Mzee Samaki, butu kama kisigino, ilitafuna tiketi vibaya mpaka abiria wakawa wanamuuliza kama huyu ni samaki au ni mfupa uliobaki. Yangu ilikata tik! na kinyota cha kijani kikaanguka sakafuni kikiwa kizima, ncha zake zote tano. Nilijivuna, sikatai. Mtu aliyepigwa na dunia kama mimi akipata kitu kimoja anachokiweza, mwacheni ajivune kidogo.

Jumatatu moja asubuhi mkuu wa wakaguzi akaniita ofisini. Ofisi yake ilikuwa na feni isiyozunguka na kiti cha mgeni chenye mguu mmoja mfupi, nadhani kwa makusudi, mgeni asije akazoea. Mezani alikuwa amepanga tiketi saba.

"Chukua moja. Iweke kwenye mwanga."

Niliiinua dirishani. Pembeni ilikuwa na tundu la samaki. Katikati, mwanga ulipita kwenye ufa mwembamba kuliko unywele, na ufa huo ulikuwa na ncha tano.

"Umeona?"

"Nimeona nyota, bosi, na ni mchana."

Hakucheka. "Tiketi imetobolewa, tundu likazibwa, ikatumika tena. Zote saba. Na zote zimezibwa nyota. Hakuna samaki, hakuna mwezi, hakuna kopa. Nyota tu. Mama, unamuuzia nani?"

"Mimi ningekuwa mwizi, bosi, ningeiba kwa panchi ya mwenzangu."

"Hilo nimeliwaza pia, ndiyo maana bado umekaa hapo. Una mpaka Ijumaa. Niletee anayefanya mchezo huu nimkabidhi polisi. Usipomleta, nitajua ni wewe, na panchi utaiacha hapa mezani."

"Na akiwa mtoto?"

"Kughushi ni kughushi. Mikono iliyofanya kazi hii si ya kitoto."

Nilitoka nikihesabu siku hadi Ijumaa. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inalisha watu watano, na mmoja wao, mume wangu, alikuwa anakula kama wawili.

Jumanne nilikagua kwa macho ya mwizi badala ya macho ya mkaguzi, na macho hayo ninayo tangu zamani. Nilitazama mikono, mifuko, na watu wanaotabasamu mno. Sikuona kitu. Jumatano, kwenye treni ya saa tisa, ile inayojaa wanafunzi, nilimwona binti wa miaka kumi na sita hivi, sare imefuliwa ikapauka, ameinama katikati ya behewa anafunga kamba za viatu. Nikampita. Mbele kidogo nikageuka, bado anafunga kamba. Nikajiambia huyu ana viatu vyenye kamba ndefu kweli. Ndipo nikavitazama viatu vyenyewe. Vilikuwa vya kuchomeka tu. Havikuwa na kamba hata moja.

Nilimwacha afike mwisho wa njia, behewa likabaki na sisi wawili, nikaenda kukaa ubavuni pake.

"Zimekaza?"

"Nini, shangazi?"

"Kamba."

Akaangalia miguu yake, akaniangalia mimi, na nikaona akipima umbali wa mlango.

"Usikimbie," nikasema. "Magoti yangu yanauma na wewe unajua kuruka geti. Utaniaibisha bure. Fungua mkebe."

Ulikuwa mkebe wa penseli. Ndani hakukuwa na penseli. Kulikuwa na kibano cha kung'olea nyusi, kichupa cha uji wa unga uliogeuzwa gundi, kitambaa, na nyota zangu. Mamia. Amezipanga kwenye vikaratasi kama mbegu, zilizokunjika huku, nzima kule. Wallahi, sijawahi kuona kazi yangu ikiheshimiwa hivyo.

"Wanakuitaje wenzako?"

"Fundi."

"Sasa, Fundi, wakaguzi tuko sita. Kwa nini mimi tu? Nimekukosea nini?"

Akashangaa kama nimeuliza kwa nini watu hunywa maji. "Shangazi, panchi yako ndiyo inakata safi. Za wengine zinatafuna. Huwezi kuziba palipotafunwa. Yule mzee wa samaki ndiyo kabisa, anaharibu mali."

"Mali ya nani?"

Akafunika mkebe. Niliona Jumapili zangu zote zimejipanga mbele yangu, na jiwe, na tone la mafuta.

Akaeleza bila kulia, na hilo lilinipendeza. Mama yake anafua nguo za watu. Wao ni watatu wanaopanda treni kwenda shule, yeye na wadogo zake, na nauli ya watatu kwa wiki inashinda chakula. Alianza na tiketi tatu. Kisha darasa likajua.

"Unawauzia bei gani?"

"Nusu. Asiye na nusu ananiandikia insha."

"Kumbe na insha unaiba!"

"Mimi ni wa hesabu, shangazi. Insha hazinipendi." Kisha sauti ikapungua. "Mtihani wa mwisho ni baada ya wiki tatu. Utanipeleka polisi?"

Nilipokuwa na umri wake nami nilikamatwa nikiruka geti. Mkaguzi alinishika ukosi wa sare mpaka vifungo viwili vikaruka, akanikabidhi polisi, na kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kulipa faini, nikakaa rumande siku kumi na moja. Niliingia najua kuruka geti tu. Nilitoka najua kufungua kufuli za aina tatu, na wenyeji wangu mle ndani walisema nina kipaji. Mtihani ulikuwa umepita. Miaka sita baadaye nilikuwa bado nakitumia hicho kipaji, na nisingepata mume mlafi aliyenionea huruma, sijui leo ningekuwa nawasimulia haya kutoka wapi.

"Nipe mkebe," nikasema.

"Wote?"

"Kibano baki nacho, nyusi zako zinahitaji. Na kuanzia leo hakuna tiketi ya kuzibwa. Hata ya mdogo wako. Nikiona ufa wa nyota tena, nakushika ukosi mimi mwenyewe."

Aliutoa taratibu, kama anakabidhi mtoto. Lakini kabla sijashuka nikagundua kwamba vikaratasi nilivyoviona vilikuwa vitano, na mle mkebeni vilikuwa vinne. Nikamwachia. Hata mimi rumande nilificha kijiko.

Ijumaa niliingia ofisini kwa bosi na mkebe, na panchi yangu, na tiketi mpya. Nikaitoboa mbele yake, tik. Nikaokota nyota, nikapaka uji kwa ncha ya kidole, nikairudisha tunduni, nikaipitishia kitambaa. Ilikuwa mbaya, imepinda. Mikono yangu si ya fundi. Lakini ilikaa.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Mtu mwenye mikono hii, bosi? Tazama ilivyopinda. Sasa lete panchi ya Mzee Samaki tujaribu." Tulijaribu. Hakukuwa na cha kuziba, tiketi ilikuwa imechanika kama imeliwa na panya. "Umeona? Kosa ni langu. Nimeinoa mno. Nainoa kila Jumapili, halafu namwachia mtu yeyote nyota nzima sakafuni. Ifanye panchi yangu butu, mchezo umekwisha leo."

Akaupindua mkebe mkononi. "Mkebe huu ni wa mwanafunzi. Nani?"

"Hilo sina."

"Mama Nyota. Jina moja, unabaki na kazi yako."

Kiti chake kile cha mguu mfupi kiliniyumbisha, nikashika meza. Nilitaka kazi yangu. Niliitaka kama ninavyotaka hewa. Nikasema, "Nilitumwa niumalize mchezo, nimeumaliza. Jina sina, bosi."

Hakunifukuza, kwa kuwa nilikuwa nimemwonyesha ukweli na aliuona. Lakini hakunisamehe. Aliichukua panchi, akanishusha kwenye treni, akaniweka dirisha la vitu vilivyopotea, mshahara pungufu, na daftari kubwa la kuandikia miavuli. Mzee Samaki alikuja kunipa pole. "Angalau huku," akasema, "hutaumwa magoti." Mume wangu aliposikia habari akarudisha kijiko cha tatu cha wali sufuriani. Nikajua ameumia kweli.

Wiki ya nne, mchana, mtu akagonga kioo. Fundi. Sare ileile, viatu vilevile.

"Shangazi, nimeleta kitu kilichookotwa."

Akapitisha kikaratasi cha tano chini ya kioo. Nyota arobaini na ushei, zote nzima.

Nikafungua daftari. "Kimeokotwa wapi?"

"Sakafuni, kwenye behewa."

"Mwenyewe anajulikana?"

"Anajulikana. Alihamishwa kazi."

Niliandika hivyohivyo. Kisha nikauliza kama vile naulizia hali ya hewa, "Mtihani?"

"Nimemaliza jana. Hesabu nimeipiga. Insha..." akatikisa kichwa. "Insha imenipiga."

"Na leo umekujaje? Umeruka?"

Akaingiza mkono mfukoni akatoa tiketi, akaibandika kiooni ili niione vizuri. Ilikuwa halali, mpya, rangi ya mwezi mpya. Pembeni yake palikuwa pamechanika, pametafunwa vibaya mno.

"Tazama," akasema kwa uchungu, "tazama yule mzee alivyoiharibu."