Alipozikwa Baba Yake Akelo

Tulikuwa wanawake watatu tuliosali kwenye mawe ya Igogo kila asubuhi kabla ya kuanika dagaa. Hatukuwa na kanisa. Mimi nilikuwa mke wa pili, na padri aliniambia naruhusiwa kuja misani ila nisipokee komunyo. Nilikaa benchi la nyuma miaka sita, kisha nikachoka kukaa. Tereza, mkubwa wetu, hakuwahi kubatizwa; jina hilo alipewa na masista waliomtibu utotoni, likamganda. Akelo aliacha kanisa la mumewe mwaka ule mume alipomwacha yeye.

Hatukupanga kuanzisha kitu. Tereza ndiye aliyetuwekea utaratibu, aliouchukua kwa mama yake: mtu hajiombei mwenyewe. Unamwombea aliye kulia kwako, na unaanza kwa kumtaja mzazi wake aliyekufa, jina lake na mahali alipolala, ili huko juu ajulikane ni mtoto wa nani anayeombewa. Tereza alimwita Mungu Liwelelo, Akelo alimwita Nyasaye, mimi nilisema Mungu tu. Akelo alikaa kulia kwangu. Kwa miaka minne nilisema kila asubuhi, "Mungu, mkumbuke Akelo, binti wa Okwach aliyelala Karungu."

Okwach alibeba mizigo bandarini hapa Mwanza miaka thelathini. Akelo alizaliwa Igogo, akaolewa Igogo, akaachwa Igogo. Lakini Wajaluo humrudisha marehemu kwenye boma la baba zake, na boma la Okwach lilikuwa upande wa Kenya. Walimpeleka huko Karungu. Akelo alikwenda kumzika, akarudi baada ya wiki mbili, akaanika dagaa.

Yeye ndiye aliyenisukuma niende shule ya jioni.

"Nenda, Berna. Dagaa wako nitawaanua mimi."

"Na mvua ikija mapema, dada?"

"Nitaiambia ingoje, mtu yuko shule."

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilijifunza kushika kalamu kwenye dawati la mtoto, magoti yakiwa yamebanwa. Nilipoandika jina langu lote, Bernadeta, bila kuangalia ubaoni, nilimpelekea Akelo daftari kabla ya mume wangu.

Mwaka wa tisini na nne ulikuja uchaguzi wa madiwani, wa kwanza wa vyama vingi. Wakati huo kiwanda cha minofu kilikuwa kimezungushia uzio nusu ya ufukwe wetu, na tulianika kwa kubanana na kugombana. Bwana Mashimba, muuza nyavu, aligombea. Alikuja akasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Mimi simtaji mtu," alisema. "Na kabila sitaji, nchi yetu haina ukabila. Nauliza tu swali la heshima. Ufukwe umebaki mdogo. Tumgawie nani? Mimi nasema tumgawie mwenye wazee wake hapa. Kila mtu ajiulize kimyakimya: baba yangu amelala wapi?"

Watu walicheka. Hakuna aliyeambiwa amtazame nani, lakini vichwa viligeuka vyote upande mmoja. Akelo aliendelea kugeuza dagaa wake.

"Umesikia?" aliniuliza baadaye.

"Nimesikia. Amewakumbuka marehemu."

"Wewe Berna una moyo mweupe mpaka unatisha," alisema.

Nilidhani ananisifu. Yule mtu alikuwa amesema maneno yetu ya kwenye mawe, mbele ya watu wote, nami nilifurahi kuyasikia yakipewa kipaza sauti. Sikuona kwamba amelitoa swali la sala mahali pake na kulifanya geti.

Wiki iliyofuata Mashimba alinijia na daftari la mistari. "Mama, nasikia wewe siku hizi ni msomi. Tuandikie orodha ya waanikaji. Jina, jina la baba, alipozikwa baba. Nikishinda, tunagawa kwa orodha hii."

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimwandikie kitu. Nilikaa juu ya ndoo, wakapanga foleni. Usagara, Magu, Bugando. Tereza alisema Mkolani. Nilipofika kwangu nilikwama. Baba yangu mtumbwi ulimpindukia na hakuonekana tena. Nikaandika: Ziwani.

Akelo hakuwepo. Alikuwa amevuka kivuko cha Busisi kupeleka magunia Geita, machimboni, na asingerudi kabla ya siku tatu. Orodha ilitakiwa jioni ile. Niliogopa jina lake litakosekana na atakosa mahali pa kuanika. Basi nilimwandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote. Akelo. Okwach. Karungu.

Mashimba alipitisha kidole kwenye ukurasa. Kwenye jina langu alicheka. "Ziwani! Ziwa ni letu, mama. Hiyo inatosha kabisa." Kidole kikashuka, kikasimama.

"Huyu ni wa wapi?"

"Wa hapa. Amezaliwa hapa Igogo."

"Sikuuliza alipozaliwa. Umeandika mwenyewe, Karungu."

Ndipo nilipoelewa, mbele ya uso wake. "Basi nifute," nilisema, nikanyoosha mkono.

"Orodha haifutwi, mama." Alilifunga daftari. "Asante sana. Unaandika vizuri."

Nilikwenda nyumbani kwa Mashimba mara mbili kumwomba afute. Mara ya kwanza alinipa soda. Mara ya pili mkewe alisema amesafiri, na viatu vyake vilikuwa mlangoni.

Akelo aliporudi sikumwambia. Nilisali. Nilifunga siku tatu bila kula mchana, nikimwomba Mungu Mashimba ashindwe. Alishinda.

Siku ya kugawa vipande majina yalisomwa kwa sauti, pamoja na mahali alipozikwa baba wa kila mmoja. La kwangu lilisomwa, la Tereza lilisomwa. La Akelo halikusomwa. Jumatatu yake watu wawili walifika kwake kumuuliza vyeti vya baba yake vya kuingilia nchini. Jioni alikuja kwangu, hakukaa.

"Wanajua Karungu," alisema. "Wananitajia Karungu kama wamewahi kufika. Nani aliwaambia? Tereza hajui kuandika."

"Mimi, dada."

"Walikulazimisha?"

"Hapana. Niliogopa utakosa sehemu."

"Ungeandika Ziwani, kama ya kwako."

"Ingekuwa uongo."

"Ndiyo, Berna. Ungedanganya. Mara moja tu, kwa ajili yangu." Sauti yake haikupanda. "Jina la baba yangu nilikupa umpelekee Mungu. Sikukupa umpelekee Mashimba."

Nilipiga magoti. Alisema, "Inuka, watu wanatuona," kama unavyomwambia mtu usiyemfahamu sana.

Aliondoka Ijumaa kwenda kwa kaka yake Shirati. Nilimkuta ufukweni asubuhi akikunja wavu wake wa kuanikia. Ule wavu ni mpana, mtu mmoja akiukunja peke yake unajaa mchanga. Nilishika ncha moja. Hakuniambia niache. Tulirudi nyuma, tukakutana katikati, tukarudi nyuma tena, kama tulivyofanya siku zote, na kila tulipokutana aliupokea mkunjo mkononi mwangu bila kuniangalia. Ulipokuwa mdogo wa kutosha aliutia kwenye gunia, akalifunga, akajitwisha.

"Dada Akelo," nilisema.

"Dagaa wako wa jana ulichelewa kuwageuza," alisema. "Wataoza upande wa chini."

Akaenda. Mimi niliinama nikaanza kuwageuza. Upande wa chini walikuwa wameshaoza.