Mafuta ya Kwenda Chamwino

Alichovya kidole ndani ya debe, akakinusa, kisha akakipangusa kwenye kanga niliyojitanda. Hakuwa na haraka. Alikivuta polepole begani mwangu huku akinitazama usoni, nami nikasimama tuli, macho kwenye vifungo vya koti lake.

"Haya ni mafuta?"

"Ni mafuta, ombasha."

"Nikikuta kuna mchezo humu, bibi, nitarudi."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeagana na jirani, na upole ule ndio ulionitisha. Wanaofoka nilikuwa nimewazoea.

Mimi, Mwantum, nimeuza mafuta ya taa Dodoma tangu reli ya Mjerumani ilipofika. Nilitoka kwetu Kondoa nikiwa mke wa Halfani, mwanamume mwoga mwenye mkono mzuri wa biashara, tukafungua kibanda karibu na soko. Mafuta yalikuja na treni ndani ya madebe, sisi tukayapima kwa kopo, kila mtu na chupa yake. Wateja wakorofi? Usiniambie! Yuko aliyeleta chupa yenye mchanga nusu, akadai nimempunja. Yuko mke wa askari aliyetaka nimjazie mpaka yafurike, na yakifurika nimlipe yeye yaliyomwagika. Ala! Nilikuwa nawajibu palepale, mpaka Halfani anajitia kutafuta kitu nyuma ya magunia.

Lakini hakuna mteja, hata yule aliyenichukia, aliyewahi kusema Mwantum anatia maji. Wenzangu walitia. Mafuta huelea juu ya maji, kwa hiyo mtu akinusa atanusa mafuta, akiwasha kitambaa kitawaka, na hatajua kilichoko chini mpaka taa yake ianze kupiga chafya. Nilikuwa nawaona watu hao ni washenzi kabisa. Jina langu lilikuwa safi nami nilitamba nalo soko zima.

Kisha vita ikaja. Meli zikaacha kufika pwani, mafuta yakaadimika, na yaliyokuwa kwenye maduka makubwa yakachukuliwa yote kwa amri ya serikali. Sisi tulibakiwa na madebe mawili, tumeyaficha chini ya kitanda. Waingereza walikuwa wamekwisha ingia Kondoa kwetu, na ndugu zangu sikujua kama wazima au wamekufa. Treni zilipita zimejaa majeruhi. Askari wakaanza kulipa kwa noti za vita, makaratasi mabovu yaliyochuja wino mkononi, na ukikataa kuyapokea unalala chini unakula viboko.

Ndipo asubuhi moja yule ombasha akaja kibandani. Ombasha ni cheo tu, cha askari anayeongoza wenzake wachache. Jina lake hatukulijua wala hakuna aliyethubutu kuliuliza.

"Mna madebe mawili ndani," alimwambia Halfani.

Sijui nani alimwambia. Halfani alitoka jasho palepale.

"Usitetemeke, mimi si mwizi. Nanunua." Akaweka noti juu ya meza, nyingi kuliko bei, wala hakubishana. Hapo nikaingiwa na wasiwasi kweli, maana katika miaka yangu yote sijamwona askari akilipa zaidi ya alichoombwa. Kisha akamuuliza Halfani, "Hivi tembe la Mgogo huwakaje?"

Halfani akajilazimisha kucheka. "Haliwaki, ombasha. Paa lake ni udongo."

"Ndiyo maana nanunua mafuta."

Akatueleza bila kuficha, kama mtu anayeeleza safari ya harusi. Amri imetoka: Waingereza wakipita Chamwino wasikute hata punje. Ng'ombe walikuwa wamekwisha chukuliwa, sasa zamu ya vilindo. Mtu asiyejua kwetu nimwambie, kilindo ni lile dude kubwa la kuwekea nafaka, limekandikwa, linakaa ndani ya tembe pamoja na watu, na ndani yake mna uwele wa mwaka mzima. Mavuno ndiyo kwanza yalikuwa yameingia. Kilindo kikiungua mwaka ule, wenye nyumba wamekufa. Hilo halikuhitaji mganga wa kulitabiri.

"Nitayafuata alasiri," alisema, akaondoka.

Chamwino ndiko alikokaa Dorkasi. Alikuwa Mgogo, Mkristo, mke wa Sila mchukuzi, na hatukuwa na udugu wowote. Lakini mtoto wangu alipokufa siku aliyozaliwa, Dorkasi ndiye aliyelala chini kando ya mkeka wangu, akinilisha uji kwa kijiko, mpaka nikakumbuka kula mwenyewe. Huyo ndiye ambaye vilindo vyake vilikuwa vinakwenda kuchomwa kwa mafuta yangu. Alikuwa na watoto wawili na mama mkwe asiyeweza kutembea.

"Tumpe tu, Mwantum," Halfani alisema tulipofunga mlango. "Si nyumba yetu."

"Ni nyumba ya Dorkasi."

"Atatunyonga!"

"Basi atunyonge."

Akakaa kitandani akalia, mume wangu, akijifuta kwa kofia. Nilitaka kumpiga. Kisha akainuka, akachukua mtungi, akaenda kisimani kuleta maji bila kutumwa. Kwa sababu ya mtungi ule nimemsamehe mambo mengi.

Tukachota mafuta tukayatia kwenye vyungu, tukabakiza kidogo tu ya kulala juu, kisha nikamimina maji polepole ubavuni mwa debe. Mikono yangu, iliyokuwa haijawahi kumdhulumu mteja, ilifanya kazi ile vizuri mno. Sikuona haya hata kidogo. Vyungu tukavizika uani, chini ya jaa la majivu.

Alasiri akaja na askari wawili. Akachovya kidole, akanusa, akapangusa kwenye kanga yangu, kama nilivyosema. Halafu akalowesha kitambaa juu ya debe, akakiwasha. Kikawaka vizuri, moshi mweusi, na nikaanza kupumua. Ndipo akapiga mluzi kuita mchukuzi.

Mchukuzi akaingia na mzega wake, ule mti wa begani wa kuning'inizia madebe mawili, moja mbele moja nyuma. Alikuwa Sila. Walikuwa wamemkamata sokoni.

"Huyu wa hukohuko Chamwino," alisema ombasha. "Anajua njia."

Nilikuwa nimefikiria pua ya ombasha, nimefikiria macho yake na kiberiti chake, lakini sikufikiria bega la mchukuzi. Lahaula! Maji ni mazito kuliko mafuta. Mtu wa kawaida hatang'amua, lakini Sila alikuwa anaishi kwa mzega ule, asubuhi akibeba maji ya kuuza majumbani, jioni akishusha mafuta stesheni. Debe letu la mafuta bega lake lililijua kuliko nilivyolijua mimi.

Akafunga kamba. Akachuchumaa, akaingiza bega, akainuka. Alipofika katikati akasita. Akateremsha mzigo chini, akayatazama madebe.

Halfani alinishika mkono nyuma ya meza.

"Nini?" aliuliza ombasha.

Sila hakunitazama. "Kamba, ombasha. Imelegea."

Akaifungua kamba iliyokuwa imekaza barabara, akaifunga upya. Mara ya pili aliinuka moja kwa moja, akatoka kwa mwendo mwepesi, akiyatikisa mabega kama mtu aliyebeba mafuta kweli. Mlangoni akasema kwa Kigogo chake, "Mbukwa, dada," nami nikamjibu, "Mbukwa, kaka." Ilikuwa salamu tu, salamu ya kila siku.

Kesho yake tulishinda tumetazama mashariki. Moshi ulipanda, mweusi. Kisha ukageuka mweupe, kama wa kuni mbichi, ukapungua, ukaisha. Halfani alisema labda ni mawingu. Mawingu gani kiangazi! Nilicheka, nikamshukuru Mungu, nikampigia kelele Halfani bila sababu. Siku ile sikuuza kitu.

Ombasha akarudi, kama alivyoahidi. Mzega ulikuwa begani kwa askari wake mmoja, madebe matupu yakigongana. Sila hakuwapo. Nikajua nimekwisha. Nilivua bangili yangu nikamsukumia Halfani chini ya meza, abaki nayo.

Ombasha akalitupa debe moja mbele ya kibanda.

"Mchukuzi wenu mwizi," alisema. "Ameuza mafuta njiani usiku, sisi tumelala, akajaza maji. Nilimuuliza mara moja tu, akakiri."

"Yuko wapi?" niliuliza.

"Kwao. Nimemwacha mtini kwao."

Akachota maji kwenye mtungi wetu, akanywa, akasema yana ubaridi mzuri. Sikulia mbele yake. Hilo sikumpa, na nikimkuta hata peponi sitampa. Wiki ileile wakapanda treni wakaenda zao, na Waingereza wakaingia, na zile noti zake tukawashia moto jikoni.

Watu huniuliza, wale wachache niliowasimulia, kama ningefanya tena. Ningefanya. Nimekaa na swali hilo tangu ujana mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na jibu halijabadilika, wala halijanipa usingizi mzuri.

Njaa ikaja baada ya vita kupita kwetu. Mvua zilikatika, ng'ombe hakuna, watu wakala mizizi, wakala ngozi za kulalia. Sokoni kukawa na vumbi tu. Ndipo Dorkasi akaja kibandani, amekonda, ameshika chupa mkono mmoja na bakuli lililofunikwa mkono mwingine. Sikuwa nimemwona tangu kabla ya mambo yale. Nilikuwa naogopa kwenda.

Hakukaa. Alisimama mlangoni akanisimulia.

"Kilindo cha kwanza kiliungua kwa yale mafuta ya juu. Cha pili wakamwagia yaliyobaki kwenye madebe yako, wakauzima moto wenyewe. Walipoona ni maji wakamuuliza Sila, akasema ni yeye." Akalishika bakuli vizuri. "Kisha ombasha akaniuliza mimi mkewe, je, mume wako ni mwizi?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo. Nikasema ni mwizi wa siku nyingi. Sila akaniitikia kwa kichwa."

Nilimshika miguu. Akaniinua kwa kwapa, bila ukali, kama alivyokuwa akiniinua kwenye mkeka.

"Nipimie mafuta," alisema. "Mama mkwe anaogopa giza."

Nilifukua chungu, nikamjazia chupa mpaka shingoni. Alifunua bakuli. Lilikuwa limejaa uwele, unanukia moshi. Siku zile bakuli lile lingenunua kibanda chetu na sisi wenyewe ndani yake. Nikalisukuma kwake.

"Nenda nao, Dorkasi. Kwako wewe siuzi."

"Pokea."

"Siwezi."

"Nikiyachukua mafuta bure, utakuwa umenilipa bei ya Sila," alisema. "Mimi sikumuuza."

Nikaumimina uwele kwenye chungu changu cha kupikia, nikamrudishia bakuli lake, naye akashika njia ya Chamwino na chupa yake kwapani. Ndani kwetu hamkuwa na chakula kingine. Nilitwanga, nikapika uji, tukanywa mimi na Halfani mpaka ukaisha.