Feni Mbili za Mlima wa Ndoo

Juu ya kioo cha mbele cha lori la Bhoke kulikuwa na neno moja la rangi nyekundu: TUMEFIKA. Marehemu mumewe, Gisiri, ndiye aliyeliandika kwa mkono wake. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Agosti, Gisiri alipakia mahema, viti na masufuria makubwa ya kanisa pale Uriri, akaondoka Ijumaa asubuhi, na kabla jua halijatua mahema yalikuwa yamesimama Kisegi, tayari kwa makambi ya kanisa. Hakuomba hata shilingi ya mafuta. Alisema hiyo ndiyo sadaka yake, kwa kuwa Mungu hakumpa sauti ya kuimba.

Gisiri alipofariki, Bhoke alirithi lori na sadaka pamoja. Aliendesha vizuri, tena kwa utaratibu kuliko wanaume wengi. Lakini mwaka uliopita lori lilichemka kwenye Mlima wa Ndoo, ule mlima wa mwisho kabla ya Kisegi. Madereva waliupa jina hilo kwa sababu akina mama wa pale husimama kando ya barabara na mitungi, wakiwauzia maji wenye magari yanayofuka moshi. Bhoke alinunua ndoo sita. Akamimina, akangoja, akawasha, likachemka tena. Jua likatua. Sabato ikaingia naye yuko pale pale mlimani, mahema ya watu mia tatu yakiwa nyuma yake chini ya turubai. Hakuligusa tena lori mpaka jua la Jumamosi lilipotua, maana Sabato haifanyiwi kazi, ndivyo alivyolelewa. Usiku ule mvua ilinyesha Kisegi. Wazee na watoto walilowa hadi kwenye mifupa.

Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa ilikuwa Julai. Leonida, shemasi aliyesimamia vyombo vya makambi, alikuja nyumbani kwa Bhoke, akakalia kiti lakini hakugusa chai.

"Dada Bhoke," alisema, "nimetumwa, na wewe unajua aliyetumwa hachagui maneno. Kamati imepata lori lingine huko Rangwe."

Bhoke aliweka birika chini. "Na sadaka ya Gisiri?"

"Nimekupigania. Wamesema hivi: mwaka huu ubebe wewe. Ukifika kabla jua halijatua, kazi ni yako. Usipofika, kuanzia mwaka ujao ni ya lori la Rangwe. Na mimi nitakuwa ndani ya lori pamoja nawe."

"Kunichunga?"

"Kuomba," alisema Leonida, na hapo ndipo akanywa chai.

Bhoke alijua ugonjwa wa lori lake, au alidhani anaujua. Feni yake ilizungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Injini ikikimbia, feni inakimbia. Injini ikilemewa mlimani, ikaanza kuguna kama ng'ombe mgonjwa, feni nayo inazunguka kwa uvivu, saa ile ile upepo unapohitajika zaidi. Isitoshe, panga moja la feni lilikuwa limekatika mwanzoni mwa mwaka uliopita, na feni ya lori la umri ule haikupatikana tena, kuanzia Migori hadi Homa Bay.

Kwa miezi saba Bhoke alikuwa akisoma umeme wa magari katika madarasa ya jioni mjini Migori. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mwalimu wake, Mogire, alikuwa mdogo kuliko kifungua mimba wake, lakini Bhoke alimwita "mwalimu" bila kuona haya, na daftari lake lilikuwa safi kuliko ya darasa zima. Humo ndani alikuwa ameandika: Feni ya umeme haiingoji injini. Inakula kwa betri, inazunguka kwa nguvu zake zote hata gari likienda mwendo wa kinyonga.

Basi alinunua feni mbili za umeme kutoka kwa gari dogo lililogongwa, pamoja na swichi yake ya joto, akazipeleka kwenye karakana ya Omanga.

Omanga alikuwa fundi wa malori wa Uriri tangu enzi za Gisiri, mtu mwenye mikono ya chuma na mdomo usiopumzika. Alizitazama zile feni, akapiga kofi moja la kicheko, akamwita Bhoke kwa Kijaluo "binti wa Wakuria", kama kawaida yake.

"Yawa! Nyar Kuria, hizi ni za gari la kupeleka bibi harusi! Lori lako ni volti ishirini na nne. Hizi ni za kumi na mbili. Ukiziwasha tu, tutakula nyama choma bila mbuzi."

"Ningewasha moja, ingeungua," alisema Bhoke. "Lakini nitaziunga moja baada ya nyingine, umeme upite kwa hii ndipo uende kwa ile. Mama wawili wakibeba gunia la kilo ishirini na nne, kila mmoja anabeba ngapi?"

Omanga akafikiri. "Inategemea nani mvivu."

"Feni ni pacha, Fundi. Hakuna mvivu."

"Haya, mwalimu," alisema Omanga, na akampa spana.

Walifanya kazi siku mbili. Waliyatoa mapanga ya feni ya zamani, lakini mkanda Bhoke aliuacha mahali pake, kwa sababu pampu ya maji bado iliuhitaji. Feni mpya walizifunga nyuma ya rejeta kwa vyuma alivyochomelea Omanga. Bhoke akaweka fyuzi na rilei, ile swichi inayobeba umeme mkubwa, akafunga swichi ya joto kwenye rejeta, ili maji yakipata moto feni ziwake zenyewe, yakipoa zizime zenyewe. Kabla ya kuunganisha waya wa mwisho wa betri alishika gurudumu, akainamisha kichwa.

"Bwana, mimi nimesoma nilipoweza. Pale nilipokosa kusoma, simama Wewe."

"Na Bikira Maria asimame upande huu," alisema Omanga, aliyekuwa Mkatoliki, "maana mimi ndiye niliye karibu na betri."

Waliwasha injini, na maji yalipopata moto feni zilivuma. Hazikuungua. Bhoke alichana karatasi kwenye daftari, akaiweka mbele ya rejeta, nayo ikanata pale kama iliyopakwa gundi. Upepo ulikuwa unavutwa ndani, kama inavyotakiwa. Omanga akapiga mluzi.

Siku ya Jumatano, siku mbili kabla ya safari, walipakia mchanga, Bhoke akalipandisha lori kwenye mwinuko mkali nje ya Uriri. Katikati ya mwinuko mshale wa joto ulianza kupanda. Feni zilikuwa zikivuma, alizisikia kabisa. Mshale ukapanda tu. Ukagusa nyekundu. Mvuke ukatoka.

Bhoke alizima injini, akakaa na mikono yake kwenye usukani. Akilini aliona mahema yakiwa yamelala kando ya barabara. Aliona mvua. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Omanga alikuja dirishani. Safari hii hakucheka sana. "Pole, nyar Kuria. Nilikwambia. Kitabu ni kitabu, mlima ni mlima. Waachie watu wa Rangwe."

"Nipe dakika moja, Fundi."

Alishuka, akafungua mahali pa injini. Mwalimu Mogire alikuwa amewaambia jambo moja ambalo halikuandikwa ubaoni: kabla ya kulaumu, gusa. Bhoke alijifunga kitambaa mkononi, akagusa mpira mkubwa unaopeleka maji kwenye rejeta. Ulikuwa wa moto, lakini wa kuvumilika. Akagusa kijibomba kifupi kinachorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kilimchoma hata kupitia kitambaa.

Akanyoosha mgongo. Kisha akauliza polepole, "Fundi Omanga. Thamostati iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya lori hili."

"Aa, hiyo niliitoa! Miaka mitatu sasa, baada ya mzee kutuacha. Ulipolalamika joto limezidi kidogo. Thamostati ni kitu cha nchi za baridi. Hapa kwetu na hili jua, ya kazi gani? Nimeitoa kwa malori yote ya Uriri."

"Fundi wangu," alisema Bhoke, na hakuwa na hasira, maana hata yeye alisimama karakana siku ilipotolewa na kushukuru. "Ile ni mlinzi wa lango. Maji yakipata moto, yeye ndiye hufunga hii njia fupi na kuyalazimisha yaende kwenye rejeta. Umemtoa mlinzi. Maji ni kama watu, huchukua njia ya mkato. Feni zangu zinapoza rejeta inayopata maji nusu, na yale ya moto yanazunguka humu humu ndani!"

Omanga aligusa ule mpira mkubwa. Akagusa kijibomba, akaruka. Akajifuta mikono kwenye suruali. Sauti yake ikawa ndogo.

"Kwa hiyo ile mvua ya Kisegi..."

"Twende karakana," alisema Bhoke.

Ukutani kwa Omanga kulikuwa na waya mrefu, na kwenye waya huo zilitungwa thamostati thelathini na kitu, kama samaki waliochomwa kijiti. Alikuwa akizionyesha wageni kwa fahari: kila moja ni lori aliloliponya. Sasa alizishusha zote, akazimwaga mezani, kichwa chake kikiwa chini. Walipata tano zenye ukubwa unaofaa. Bhoke aliteka maji kwenye sufuria ya chai ya Omanga, akaiweka kwenye jiko la makaa, wakazitumbukiza.

Waliinama juu ya ile sufuria kama watu wanaongoja mayai. Mvuke ulianza. Thamostati ya kwanza haikusogea. Ya pili na ya tatu pia zilikuwa zimekufa kwa kutu. Kisha maji yalipokaribia kuchemka, ya nne ikatingishika, na taratibu, kama jicho la mtoto anayeamka, ikafunguka.

"Imefungua!" alipiga kelele Omanga. "Mama yangu, imefungua!"

Waliifunga kwenye lori jioni ile ile. Alhamisi walirudi na ule mchanga kwenye ule mwinuko. Mshale ulipanda hadi katikati, feni zikalia, mshale ukasimama. Omanga aliruka chini lori likitembea, akacheza peke yake barabarani.

Lakini Ijumaa haikukosa mtihani wake. Masufuria ya kanisa yalikuwa yameazimwa kwenye matanga huko Rangwe, na waliofiwa hawaharakishwi. Yalirudi saa saba na nusu, moja bado lina ukoko wa ugali. Leonida alipanda ndani ya lori akiwa na Biblia na saa mkononi.

"Tumechelewa, dada. Mwaka huu hakuna nafasi ya kuchemka."

"Hata mwaka jana haikuwepo," alisema Bhoke, akatia gia.

Walipita Rongo, wakapita Homa Bay ziwa likimetameta kuliani, kisha wakashika barabara ya Suba. Nyuma ya kiti Bhoke alikuwa amefunga mitungi mitano ya maji. Alikuwa na imani, lakini hakuwa mjinga. Walipofika chini ya Mlima wa Ndoo ilikuwa saa kumi na moja na robo. Kusimamisha mahema huchukua saa nzima. Ziada yao ilikuwa ndogo kuliko muda wa kupoza injini mara moja.

Bhoke alitia gia ya kwanza. Lori likaguna, likaanza kupanda mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu. Mshale ukaamka. Leonida alifumba macho, midomo yake ikicheza. Mshale ukafika katikati. Ukapita katikati.

"Sasa," alinong'ona Bhoke. "Sasa, watoto wangu."

Vuuuu! Feni zote mbili ziliwaka kwa pamoja, sauti yao ikapenya mngurumo wa injini. Mshale ulitetemeka. Ukakaa.

Kwenye kona, akina mama wa mitungi walikuwa wamesimama tayari. Walilitambua lori.

"Mama Tumefika! Simama! Maji haya hapa!"

"Mwaka huu ni ndoo ngapi?"

"Atasimama pale kwenye jiwe, ngojeni!"

Jiwe lilifika. Ndipo alipolala mwaka uliopita. Bhoke alilitazama, kisha akautazama mshale, kisha akapiga honi ndefu iliyoamsha mbwa wa mlima mzima. Lori lilipita jiwe. Mmoja wa akina mama alikimbia kando yake na mtungi kichwani, akapiga vigelegele, ingawa alikuwa amekosa mteja. Leonida alifumbua macho, akaona anga mbele yao badala ya barabara, maana walikuwa kileleni, na chini kabisa kulikuwa na ziwa na mabati ya Kisegi.

"Dada Bhoke!" alilia. "Dada Bhoke, halijatoa hata moshi!"

Bhoke alikuwa akiimba, kwa sauti mbaya kama ya Gisiri, na machozi yakimtiririka tena, ila haya hayakuwa kama ya juzi.

Mahema yalisimama. Hema la mwisho lilifungwa kamba jua likiwa bado kidole kimoja juu ya ziwa. Ile mitungi mitano iliyobebwa kwa ajili ya rejeta, watoto waliinywa yote. Watu walikusanyika mbele ya hema kubwa kuikaribisha Sabato. Bhoke alikuwa ameegesha lori karibu, akasimama kando yake na daftari lake kwapani.

Leonida alimwendea akinyata. "Dada, zima lori. Maombi yanaanza."

"Nimezima tayari," alisema Bhoke. "Hizo ni feni. Zinampoza mzee huyu wa chuma, zikimaliza zitanyamaza zenyewe."

Leonida alilitazama lori lililozimwa likivuma, akaziba mdomo asicheke mbele ya kusanyiko. Kisha akamshika Bhoke mkono, wakainamisha vichwa. Mhubiri alipokuwa akishukuru kwa walioletwa salama, feni zikazima, zote mbili kwa pamoja, na kukawa na utulivu kote.