Matofali Sitini na Moja

Nyumba ile ya Nakasero, jijini Kampala, msanifu majengo mmoja aliichora mwaka 1954 aishi mwenyewe. Sasa ina mmiliki mpya, naye alitaka ramani ya kila chumba ili apangishe ofisi; mimi nilitumwa kupima.

Afande Okeny, mlinzi, ndiye aliyenishikia ncha ya futi ya kupimia. Kila nilipounyoosha mkono kuichukua, aliiwahi.

"Wewe mtoto wa Kenya," alinitania, "unapima nyumba kama fundi wa suti."

Nje, mita kumi na tatu. Ndani, kumi na tatu. Sawa kabisa. Lakini tukiwa ukumbini, mtu alikohoa nyuma ya ukuta.

"Panya," alisema Okeny.

Sikuthubutu kubisha. Alipokwenda kufungua geti, nilitoka nje hadi kichochoroni nikahesabu matofali ya ukuta ule. Tofali moja na saruji yake, sentimita ishirini na tatu. Yalikuwa sitini na moja. Mita kumi na nne! Okeny alikuwa ameishika futi matofali manne na nusu kutoka pembeni.

Anaficha nini? Bunduki? Mali ya wizi? Nilivuta kabati la ukumbini. Nyuma yake palikuwa na mlango, na ngazi nyembamba. Chini ya ngazi, kwenye godoro, mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani alinitazama kwa hofu kubwa kuliko yangu.

"Mke wangu, Aryemo," alisema Okeny nyuma yangu. "Anapata dawa ya kansa hapa. Bado wiki tatu, na kwetu Gulu ni mbali. Tajiri mwenye nyumba alikataza nisilete familia. Akijua, tunalala nje."

"Na ngazi hii?"

"Yule mzee aliyeichora nyumba aliijenga apande juu bila kuonana na wageni."

Nilimwelewa yule mzee; hata mimi hukwepa watu.

Saa kumi alifika bosi wangu, Injinia Wamalwa. Hamwamini mtu, lazima arudie kipimo kimoja kwa mkono wake.

"Tuanze na nje. Afande, shika ncha."

Okeny hakusogea. Nikaichukua mimi. Nilihesabu kimoyomoyo matofali manne na nusu kutoka pembeni, nikaikandamiza hapo kwa kidole gumba, mgongo wangu ukiificha pembe.

"Mbona unatoka jasho, Nabalayo?"

"Jua, bosi."

Akainamia futi.

"Kumi na tatu," alisoma.